Tangi la 180 × 60 × 60: nitajuaje kama samaki wamezidi?

MwaniMrefu

Wakuu, naomba mnisaidie kulipima tangi hili. Ni la maji yasiyo na chumvi, vipimo vya nje ni sentimita 180 × 60 × 60, kioo cha milimita 12. Chini kuna mchanga wa sentimita 5, mawe ya kilo 30 na magogo mawili. Maji yanaishia sentimita 4 chini ya ukingo. Mimea ni michache, ya aina inayokua polepole.

Samaki waliomo na urefu wao wa sasa bila mkia:

malaika 8, sentimita 10
lochi wa milia (*Chromobotia macracanthus*) 9, sentimita 11
bala (*Balantiocheilos melanopterus*) 4, sentimita 14
pleko wa kawaida 1, sentimita 18
koridora 12, sentimita 5
tetra kadinali 40, sentimita 3.5

Machujio ni mawili ya nje, kila moja limeandikwa lita 1,200 kwa saa. Joto ni 26. Chakula ni gramu 5 kwa siku, nimepima kwa mizani, protini 45%. Maji nabadili 30% mara moja kwa wiki.

Vipimo vya siku ya saba, kabla ya kubadili maji: amonia 0, nitriti 0, nitrati 60 (miligramu kwa lita), pH 6.4, KH (akiba ya maji inayozuia pH kuporomoka) 1. Baada ya kubadili, nitrati inashuka hadi 44, na wiki ikiisha imerudi 60. Maji ya bomba yana nitrati 5, pH 7.6, KH 6.

Kwa kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa lita moja nina sentimita 453 ndani ya lita 648, kwa hiyo bado kuna nafasi ya karibu sentimita 200. Amonia na nitriti ni sifuri. Lakini nimeambiwa tangi limejaa. Je, limejaa kweli? Nilitaka kuongeza lochi 6.

---

FundiMaji

Mkuu, hao lochi 6 wasiingie. Umeleta namba za kutosha, kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kwa hisia.

Anza na ujazo. Lita 648 ni za boksi tupu lililopimwa kwa nje. Ukitoa unene wa vioo, ndani unabaki na 177.6 × 57.6. Ukitoa kioo cha chini, mchanga na zile sentimita 4 za juu, kina cha maji ni sentimita 50 hivi, yaani lita 511. Jiwe la kawaida lina kilo 2.6 hivi kwa lita, kwa hiyo kilo 30 zinachukua lita 11 au 12. Magogo yakadirie lita 10. Unabaki na lita 490. Karibu robo ya tangi haina maji kabisa. Kuanzia leo kila hesabu ifanye kwa 490, hata kipimo cha dawa, maana wengi huwazidishia samaki dawa kwa kosa hilihili.

Pili, achana na kanuni ya sentimita. Urefu hauchafui maji, uzito ndio unaochafua. Samaki mwenye umbo lilelile akirefuka mara mbili, uzito wake unakuwa mara nane, kwa sababu anapanuka na kunenepa pia. Kwenye hesabu yako tetra wote ni sentimita 140 na pleko ni 18. Waweke kwenye mizani uone: pleko peke yake anawazidi wote 40. Kanuni ile inafaa kidogo kwa samaki wadogo wembamba, ila kwa tangi kubwa lenye samaki wakubwa inapotosha moja kwa moja.

Tatu, amonia 0 na nitriti 0 zinakuambia bakteria wa chujio wanamudu kazi ya kugeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Hazisemi lolote kuhusu idadi ya samaki, kwa sababu bakteria huongezeka kufuata chakula, mradi wana oksijeni, sehemu ya kukaa na KH. Kinachopima mzigo wa tangi ni *kasi ya nitrati kupanda*. Yako inapanda kutoka 44 hadi 60, yaani 16 kwa wiki.

Chukua hiyo 16 uiweke hapa:

kilele cha nitrati = nitrati ya bomba + (ongezeko la wiki ÷ sehemu ya maji unayobadili)

Kwa 30%: 5 + 16 ÷ 0.3 = 58. Ndiyo ile 60 yako. Tangi limefika pale lilipokuwa likielekea, na litakaa hapo hata ukibadili maji miaka kumi kwa mtindo huo. Kwa 50%: 5 + 16 ÷ 0.5 = 37. Samaki ni walewale na chakula ni kilekile, lakini kilele kinashuka kwa theluthi moja. Wafugaji wengi hulenga isizidi 40, na 20 ni bora zaidi.

Hiyo 16 tunaweza kuihakiki kwa chakula, na ni vizuri uijue njia hii. Protini ina nitrojeni 16%. Gramu 5 kwa siku ni gramu 35 kwa wiki. Protini 45% inatoa nitrojeni gramu 2.52. Samaki hubakiza sehemu mwilini, nyingine huondoka na uchafu unaofyonzwa, na takriban 70% huishia majini. Hiyo ni gramu 1.76. Zidisha kwa 4.43 kupata nitrati, gramu 7.8, kisha gawanya kwa lita 490: miligramu 16 kwa lita. Vipimo na chakula vinakubaliana, kwa hiyo namba zako ni za kuaminika. Zingepishana mbali, ningetafuta samaki aliyefia nyuma ya gogo, chujio lililojaa tope, au mkono mwingine unaolisha bila wewe kujua.

Nne, KH 1 inanitisha kuliko nitrati 60. Kila gramu ya nitrojeni inayogeuzwa nitrati hula takriban gramu 7.1 za alkalini (ndiyo inayopimwa na KH), ukiihesabu kama kalisi kaboneti. Kwa ongezeko lako hiyo ni KH 1.4 kila wiki. Bomba linakupa 6, lakini kwa 30% kilichobaki mwisho wa wiki ni 6 − 1.4 ÷ 0.3, kama 1.3. Ndiyo maana pH imeteremka hadi 6.4. Ikiisha kabisa, pH itaporomoka, bakteria watapunguza kazi, na amonia itaanza kujikusanya kimyakimya. Kwa 50% KH ya mwisho wa wiki ni kama 3. Hapo unalala.

Sasa swali lako. Kwa samaki wa leo tangi limejaa barabara lakini linabebeka, na kilichopungua ni maji unayobadili. Kwa samaki hawahawa wakikua, limezidi tayari. Lochi hawa hufika sentimita 25 hadi 30 ingawa hukua taratibu, bala hufika 30 na zaidi, na pleko wa kawaida hupita 40. Tuseme kila mmoja wao arefuke mara mbili tu. Uzito unakuwa mara nane, na kwa kuwa samaki mkubwa hula kidogo kwa kila gramu ya mwili wake, chakula kinapanda kama mara tano. Kwa makisio yangu ya uzito wa kila kundi, chakula cha siku kinatoka gramu 5 hadi 18, na nitrati inapanda kwa karibu 58 kwa wiki. Ukibadili nusu ya maji mara mbili kila wiki, kilele bado ni 63.

Waondoe bala na pleko kwanza. Wakibaki lochi 9 na wengine, utafika gramu 10 kwa siku, ongezeko la 32 kwa wiki. Nusu ya maji mara mbili kwa wiki inakupa kilele cha 37. Ukibaki na lochi 6, inatosha kubadili 60% mara moja kwa wiki, kilele kikiwa kama 42.

---

MkondoImara

Hesabu ya FundiMaji imekaa vizuri, ila kuna kitu hakijapimwa: mtiririko halisi wa machujio. Ile 1,200 ya kwenye boksi hupimwa bila sifongo ndani na bila kupandisha maji. Chukua ndoo yenye alama ya lita 10, elekeza bomba la kurudishia ndani yake ukiwa umeishika kwenye usawa wa kawaida wa bomba hilo, hesabu sekunde. Sekunde 60 ni lita 600 kwa saa, sekunde 45 ni 800. Usishangae ukikuta nusu ya iliyoandikwa. Andika namba hiyo siku chujio likiwa safi, kisha lioshe kila mtiririko unapopungua kwa robo, badala ya kufuata kalenda.

Mimi ningeongeza chujio la tatu la ukubwa huohuo kabla ya kumwondoa samaki yeyote. Likizimika moja, mawili yanabaki.

---

FundiMaji

Chujio la tatu ni akiba nzuri ya dharura, hapo tuko pamoja. Lakini lisihesabiwe kama nafasi ya samaki. Chujio hugeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, basi. Nitrojeni iliyoingia na chakula bado imo majini. Ukiweka machujio matano, ongezeko la wiki litabaki 16 na KH itaendelea kuliwa ileile 1.4. Vinavyoitoa ni maji unayomwaga, mimea inayokua kwa kasi ukiikata na kuitupa nje, na kinyesi unachofyonza kabla hakijaoza. Hata tope lililonaswa ndani ya chujio bado liko kwenye maji yaleyale. Usipolitoa linaoza humo na kula oksijeni.

---

BiMatamvua

Nitaongeza mambo mawili yasiyoonekana kwenye chupa za vipimo, hewa na nafasi.

Kwenye joto la 26 maji yaliyojaa oksijeni huwa na takriban miligramu 8.1 kwa lita. Ukipandisha hadi 30 inashuka hadi 7.5, wakati huohuo samaki wanahitaji zaidi kwa kuwa miili yao inafanya kazi haraka. Kwa hiyo tangi linalobebeka kwenye 25 linaweza kuzidiwa wiki ya joto bila kuongezwa hata samaki mmoja. Pima asubuhi kabla taa haijawaka, kwa sababu usiku mimea nayo hutumia oksijeni na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha siku. Chini ya 6 ongeza mtikisiko wa uso wa maji. Chini ya 5 una tatizo la kushughulikia leo.

Kama huna kipima oksijeni, hesabu pumzi. Chagua bala mmoja na malaika mmoja, hesabu mara ngapi vifuniko vya matamvua vinafunguka kwa sekunde 30, saa ileile ya alfajiri, kisha saa mbili baada ya taa kuwaka. Ziandike. Alfajiri ikizidi mchana kwa zaidi ya theluthi moja, hewa ya usiku haitoshi. Usisubiri hadi wapande juu kuhema mdomo wazi, hapo umeshachelewa. Angalia pia kama kuna utando wa mafuta juu ya maji. Unazuia hewa kuingia, na bomba la chujio likielekezwa juu kidogo huuvunja.

Kuhusu nafasi, tazama samaki wanatumia wapi. Tangi lako lina sakafu ya takriban mita moja ya mraba, na juu yake kuna lochi 9, koridora 12, pleko na mawe ya kilo 30. Sakafu ndiyo iliyobanana, katikati ya maji hakuna shida kubwa. Hesabu maficho: kila lochi apate upenyo wa kujibana, na wao hupenda kubanana kwa makundi, lakini koridora wanahitaji mchanga wazi. Tupa vidonge vya chakula ncha zote mbili za tangi kwa wakati mmoja, uone kama koridora wanafika kabla havijaisha. Wakibaki na matumbo yaliyobonyea ilhali chakula kinatosha, sakafu imezidiwa.

Malaika 8 wataonekana wapole hadi wawili wapatane na kutaga. Jozi moja inaweza kuwasukuma wengine wote kwenye nusu ya tangi, na hapo ghafla una malaika 6 kwenye sentimita 90. Mapezi yaliyochanika na malaika anayesimama pembeni nyuma ya hita siku nzima ndizo dalili. Tetra kadinali nao, malaika wakikomaa, wanaenea mdomoni. Hilo ni kosa la kuchanganya samaki, halitatulika kwa kubadili maji.

Kwa mwili wenyewe, upana wa tangi usiwe chini ya mara moja na nusu ya urefu wa samaki aliyekomaa. Una 57 kwa ndani. Pleko wa 40 hageuki bila kusugua kioo. Bala anahitaji urefu zaidi kuliko upana, kwa sababu hukimbia akishtuka na kugonga kioo cha mwisho. Kwa tangi la 180 yuko mpakani kabisa.

Mtu asije na mfano wa samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa kutetea kujaza. Wale husongamanishwa kwa makusudi ili ubabe usimwangukie mmoja, maji yao yana KH ya juu, na anayewafuga vizuri hubadili maji mengi mno. Msongamano ule una kazi yake, wa kwako hauna.

---

MwaniMrefu

Nimeelewa. Bala na pleko nitawatafutia tangi kubwa zaidi, lochi hawaongezwi. Maswali mawili: nikiruka kutoka 30% hadi 50% na bomba lina pH 7.6 wakati tangi ni 6.4, si nitawaua? Na umeme ukikatika nina muda gani?

---

FundiMaji

La kwanza. Hatari ya kupandisha pH ghafla hutokana hasa na amonia iliyokuwa imejificha. Kwenye pH 6.4 na joto 26, sehemu yenye sumu ni takriban 0.15% tu ya amonia yote inayosomwa na kipimo, kwenye 7.6 ni kama 2.4%, mara kumi na sita. Mtu mwenye amonia 2 kwenye maji ya pH ya chini anaona samaki wazima, anabadili maji mengi kwa nia njema, na asubuhi wamekufa. Wewe una 0, kwa hiyo njia iko wazi, lakini pima amonia kila mara kabla ya kufungua bomba. Ukikuta 0.5 au zaidi, badili 10% hadi 15% kila siku badala ya mkupuo.

Wiki mbili za kwanza badili 30% mara mbili kwa wiki, siku tatu au nne katikati. Hiyo peke yake inavuta kilele kuelekea 32 na kurudisha KH polepole. Wiki ya tatu nenda 50% mara moja. Zima hita kabla maji hayajashuka, kioo chake kikibaki nje kikiwa cha moto hupasuka. Zima machujio pia kabla midomo ya kuvutia haijavuta hewa. Maji mapya yasipishane na ya tangi kwa zaidi ya nyuzi 2. Ukijaza kwa mpira moja kwa moja, weka kiondoa klorini cha lita zote 490 kabla ya kufungua, kwa sababu klorini inafika kwa samaki kabla dawa haijasambaa. Ukiweka kwenye ndoo, pima kwa ujazo wa ndoo. Kama maji yenu yana kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), dawa iwe ya aina inayofunga na amonia, maana kloramini ikivunjwa huiachia. Siku unayobadili 50% usioshe chujio, na machujio mawili yasioshwe wiki moja. Acha angalau wiki mbili katikati.

Hakiki pia kipimo cha nitrati. Chupa ya pili itikise kwa nguvu sekunde 30 nzima na mrija dakika moja, kwani kemikali yake hutuama na kukupa namba ndogo ya uongo. Juu ya 40 rangi nyekundu zinafanana: changanya sehemu 1 ya maji ya tangi na 3 za maji yaliyokenekwa, pima, zidisha kwa 4. Na soma karatasi ya maelekezo kama kinapima nitrati au nitrojeni ya nitrati. Ya pili unaizidisha kwa 4.43.

---

MkondoImara

La umeme nijibu mimi. Lita 490 zenye miligramu 8 zina oksijeni gramu 3.9 tu. Ukitaka isishuke chini ya 4, unaruhusiwa kutumia kama gramu 2. Samaki wako wa leo nawakadiria nusu kilo na kidogo, wanaotumia takriban gramu 0.1 hadi 0.15 kwa saa. Bakteria na mchanga wanachukua zaidi ya hapo, na uso wa maji unarudisha kiasi. Saa sita hadi nane hesabu kama mpaka wako, wala usiufikie. Samaki wakikua kama FundiMaji alivyoonyesha, muda huo unashuka hadi saa mbili hivi, na hicho nacho ni kipimo cha msongamano.

Weka pampu mbili za hewa za betri, jiwe la hewa kila ncha ya tangi. Usilishe hadi saa kadhaa baada ya umeme kurudi. Lochi na bala wakianza kupanda juu kabla hujapata betri, chota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka sentimita 30 juu, dakika tano kila robo saa.

Chujio la nje likikaa limefungwa na kuzimwa kwa saa kadhaa, bakteria ndani wanamaliza oksijeni na kuanza kufa. Umeme ukirudi, usiliwashe moja kwa moja. Funga vali, lifungue, mwaga maji yaliyomo, suuza sifongo kwa maji uliyoyachota kwenye tangi, lirudishe, kisha pima amonia na nitriti kila siku kwa siku tano. Kama chujio hujiwasha lenyewe umeme ukirudi usiku au ukiwa hupo nyumbani, bora liwe kwenye swichi inayohitaji kuwashwa kwa mkono, na pampu ya hewa ndiyo ibaki ya kujiwasha.